HESABU YA ABIRIA NI HESABU YA ROHO

Kila inapotokea ajali ya chombo cha majini katika nchi yetu, neno moja hutangulia mengine yote vinywani mwa watu: ajali haina kinga. Mbele ya wafiwa neno hili ni jema, maana huwapoza moyo waliopotelewa. Lakini likitoka matangani likaingia ofisini na gatini, hugeuka kuwa kichaka cha kujifichia. Leo twataka kusema wazi kwamba misiba mikubwa ya majini tuliyoililia ilikuwa na kinga, na mwanzo wa kinga hiyo ni kazi ambayo hata mtoto wa shule aiweza: kuhesabu watu.

Tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Victoria ilipokuwa ikikaribia Mwanza, ikitoka Bukoba na Kemondo. Ilikuwa na ruhusa ya kuchukua abiria 430. Waliokufa hutajwa kuwa zaidi ya 800, na wako wasemao kwamba walikaribia 1,000. Hesabu kamili haikupatikana, na sababu yake yajulikana. Abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa. Wa daraja la tatu hawakuandikwa. Mtu maskini, aliyelipa nauli ndogo, aliingia melini bila jina, akafa bila jina. Tena meli ile haikuzama mara moja. Ilielea kichwa chini, na ndani yake walikuwamo watu walio hai. Waliokuja kuwaokoa walitoboa tundu katika chuma ili wawatoe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka, nayo ikaenda chini. Nia ilikuwa njema. Ujuzi na vifaa ndivyo vilivyokosekana.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Ilikuwa na ruhusa ya kuchukua abiria 645. Maiti 203 zilipatikana. Hatimaye, tume ya uchunguzi ilipotoa taarifa yake, ilionekana kwamba walikuwamo watu zaidi ya 2,000, na zaidi ya 1,300 hawakuonekana tena. Kwa miezi kadhaa, basi, taifa zima halikujua kama limepoteza mamia ya watu au zaidi ya elfu.

Kisha ikafika siku ya Alhamisi, tarehe 20 Septemba, 2018, siku ya soko huko Bugorora. Kivuko cha MV Nyerere, chenye ruhusa ya watu 101, kilipinduka kikiwa kimebakiza mwendo mdogo tu kutia gati kisiwani Ukara. Watu 228 walikufa na 41 wakaokolewa. Ukijumlisha utaona kwamba kivuko kilibeba watu wapatao 269. Aliyekuwa akikata tiketi alikufa pamoja na abiria wake, na mashine yenye hesabu ikapotea majini. Usiku ulipoingia kazi ya uokoaji ilisimama hadi asubuhi. Siku ya pili baada ya ajali fundi wa kivuko akakutwa hai, amejibana mahali palipobaki na hewa. Nani atakayetuambia kwamba yeye peke yake ndiye aliyekuwa hai usiku ule?

Twawauliza wasomaji wetu: hesabu inayozama pamoja na chombo ni hesabu gani? Orodha ya abiria si karatasi ya kupendeza wakaguzi. Kabla ya safari ndiyo inayomwambia nahodha kwamba chombo kimejaa. Baada ya ajali ndiyo inayomwambia mzamiaji kama atafute watu kumi au mia mbili, na ndiyo inayomwambia mama aliye gatini kama aendelee kungoja. Yapaswa nakala yake ibaki nchi kavu kabla kamba haijafunguliwa, na kila jina liwemo, la mwenye kiti na la aliyeketi juu ya gunia.

Jambo hili si geni duniani, na wafanyakazi ndio walioumia kwanza. Huko Uingereza, katika karne ya 19, mabaharia walizama katika meli kuukuu zilizopakiwa kupita kiasi. Mbunge aitwaye Samuel Plimsoll aliwapigania, na mwaka 1876 sheria ikaamuru kila meli ichorwe mstari ubavuni, ili maji yakiufikia isipakiwe tena. Lakini sheria ile ilimwachia mwenye meli achague mahali pa kuuchora! Ikabidi mwaka 1890 itungwe sheria nyingine ya kumnyang'anya uchaguzi huo. Fundisho lake ni bichi hata leo: anayepata faida ya nauli asiwe ndiye mwenye neno la mwisho juu ya idadi ya abiria.

Sasa tuutazame uokoaji wenyewe. Tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Watu 19 walikufa na 24 wakapona. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Taarifa ya awali ya uchunguzi ilieleza kwamba boti ya uokoaji ilichelewa, na ilipofika haikuwa na hewa ya kutosha kwa wazamiaji. Wavuvi wale walistahili sifa walizopewa. Lakini sifa haitoshi. Kama tunajua kwamba mvuvi ndiye atakayefika kwanza, kwa nini tusimfundishe mapema, tukaweka kamba, taa, majaketi na mitungi ya hewa katika kila gati, na mtu wa zamu mwenye funguo?

Tutajibiwa kwamba chombo ni kimoja, watu ni wengi, na atakayeachwa gatini ana mgonjwa au ana samaki wanaooza. Jibu hilo lina ukweli, wala hatulidharau. Mkazi wa kisiwani hapandi kivuko kilichojaa kwa kupenda kufa. Hupanda kwa sababu hajui kingine kitakuja lini. Kwa hiyo amri peke yake haitoshi. Siku ya soko yajulikana tangu mwaka uliopita. Siku hiyo safari ziongezwe. Gati lenye chombo kimoja kibovu lihesabiwe kuwa na hatari tangu leo, lisingoje maiti ziwe ushahidi.

Lakini liko jambo ambalo halihitaji fedha hata senti moja. Karani wa tiketi anapofunga dirisha, na nahodha anapokataa kung'oa nanga, wasimame na mtu wa kuwatetea. Mara nyingi mtu wa kwanza kuwavunja nguvu si mkulima mwenye kikapu. Ni mkubwa mwenye simu, atakaye jamaa zake wapakiwe. Twasema bila kumwonea mtu haya: mwanachama anayetumia cheo chake kuongeza mtu mmoja katika chombo kilichojaa anawasaliti wote waliomo, na jamaa zake wakiwamo. Na mfanyakazi atakayemkatalia asihamishwe, asifukuzwe. Chama cha wafanyakazi kilicho na maana kitaanza kazi yake hapo.

Nawe abiria, ndugu yetu, usiseme kwamba wewe huna neno. Ukiona chombo kimejaa, shuka, na uwaambie wengine washuke. Ukiulizwa jina, litaje vizuri.

Huko Igoma, Mwanza, yako makaburi ya ndugu zetu wa MV Bukoba, na kila mwaka mwezi wa Mei watu huenda kuwaombea. Huko Bwisya, Ukara, yako ya ndugu zetu wa MV Nyerere. Kati ya msiba ule na huu ilipita miaka 22, na kosa lilikuwa lile lile. Tukienda makaburini na maua huku vyombo vikiendelea kupakia bila hesabu, maua hayo hayatakuwa heshima. Marehemu wataheshimiwa gatini, asubuhi, mtu atakaposema, "Kimejaa," na neno lake likasikilizwa.