Kompyuta Kuukuu, Betri Iliyochoka na Dakika Tano za Hatari

Katika shule moja ya sekondari wilayani Kahama nilionyeshwa kompyuta mpakato iliyowekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa. Kwa macho haikuwa na kasoro yoyote, lakini ilipobonyezwa kitufe haikuonyesha hata nembo ya mtengenezaji. Mwalimu mmoja, kijana mwenye bidii, alikuwa amejaribu kusasisha programu dhibiti yake. Kwa kuwa betri ilikuwa imechoka, kompyuta ilikataa kuendelea. Mwalimu akatafuta njia ya kuipita amri hiyo ya kukataa, akaipata, akaendelea kwa umeme wa ukutani peke yake. Kazi ilipofika katikati umeme ukakatika. Baada ya saa moja umeme ulirudi, lakini kompyuta haikurudi. Diski yake ilitolewa, na mitihani iliyokuwamo ikaokolewa. Mashine yenyewe ikabaki pambo la kabati.

Wenzake walimlaumu. Mimi sikumlaumu, kwani kosa lake lilikuwa la kutofundishwa, na waliokosa kumfundisha ni sisi.

Ni nini kilichotokea?

Kila kompyuta ina programu ndogo ambayo haikai katika diski. Hiyo ndiyo programu dhibiti, ambayo mafundi wengi huiita BIOS hata katika mashine za sasa zinazotumia mfumo mpya zaidi wa UEFI. Imo ndani ya chipu ndogo kwenye ubao mkuu, na ndiyo inayoamka kwanza: hukagua kumbukumbu, huitambua diski, kisha huukabidhi uongozi mfumo endeshi. Chipu hiyo ni ya aina ya flashi, uvumbuzi ambao Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba aliutangaza mwaka 1984. Tabia yake ni kwamba haiandikiwi juu ya maandishi ya zamani kama mtu aandikavyo juu ya karatasi iliyotumika. Hapana budi sehemu nzima ifutwe kwanza, ndipo maandishi mapya yaingie.

Basi katika dakika chache za kusasisha upo wakati ambapo maandishi ya zamani yamekwisha kufutwa na mapya hayajatimia. Umeme ukikatika hapo, mashine nyingi hubaki bila mwongozo wa kuziamsha. Betri imewekwa kuwa mlinzi wa dakika hizo. Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu na Mgusu wanalielewa jambo hili kuliko wengi wetu: mtu mwenye busara hateremki katika duara kabla ya kuyakagua matimba. Kuipita amri ya betri ni kuyang'oa matimba kwa sababu yanachelewesha kazi.

Asilimia inayodanganya

Mwanafunzi atauliza: je, kama kompyuta inaonyesha kwamba betri imejaa? Hapa somo la fizikia la darasani linatufaa. Betri za ioni za lithiamu, zilizoingia sokoni mwaka 1991, huchakaa kwa kutumika na kwa kukaa, na joto huharakisha uchakavu huo. Pamoja na kupungua kwa akiba yake, ukinzani wa ndani huongezeka.

Tuchukue mfano. Betri yenye seli tatu ina volti 11.1, na kompyuta inadai mkondo wa ampea 3. Ikiwa ukinzani wa ndani ni omu 0.15, volti zinazopotea ni 0.45 tu, na mashine haina shida. Ukinzani ukipanda kufikia omu 0.8, zinapotea volti 2.4, kompyuta inabakiwa na volti 8.7, yaani chini ya volti 3 kwa kila seli, na mara nyingi hapo huzimika. Betri hiyo hiyo, pasipo mzigo, yaweza kuonyesha asilimia nzuri. Kwa hiyo tusiiamini namba iliyo kwenye kioo. Tuchomoe chaja, tuifanyishe mashine kazi nzito kwa dakika ishirini, nasi tutaujua ukweli.

Maelekezo ya watu wa mbali

Nilipokuwa nikisoma shahada ya uzamivu ng'ambo, nilisasisha kompyuta yangu mara nyingi bila kufikiri habari za umeme, maana haukukatika. Maelekezo tunayoyasoma yameandikwa na watu wa mazingira hayo. Yanasema "unganisha chaja" kana kwamba kuunganisha chaja ni sawa na kuwa na umeme. Mwalimu wa Kahama, Msalala au Geita anajua kwamba hayo ni mambo mawili. Aidha, kompyuta nyingi za misaada hufika shuleni zikiwa zimetumika miaka kadhaa, na betri ndiyo sehemu yake inayotangulia kuchakaa. Tumeletewa gari bila breki, kisha tunamlaumu dereva.

Wapo wasemao: basi, mashine kuukuu isiguswe kamwe. Siafikiani nao. Januari 2018 ulitangazwa udhaifu wa vichakato uliopewa majina ya Spectre na Meltdown, na sehemu ya tiba yake ilisambazwa kwa njia ya programu dhibiti. Vilevile vyeti vya usalama vya mwaka 2011, ambavyo kompyuta nyingi huvitumia kuthibitisha mfumo endeshi wakati wa kuwaka, viliwekewa muda wa kuanza kwisha Juni 2026. Baadhi ya mashine huhitaji programu dhibiti mpya ili zivipokee vyeti vipya ipasavyo. Kukataa kila badiliko nako ni hatari.

Nchi yetu imewahi kuijaribu njia ya woga. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya matatizo ya mfumo wa hesabu, uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku mwaka 1974. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa, lakini ujuzi hauwezi kukua mahali ambapo chombo chake kimefungiwa nje. Tusiirudie kwa namna nyingine, kwa kuzifunika mashine vitambaa juu ya makabati.

Tufanye nini?

Kwanza, tusisasishe programu dhibiti kwa sababu tu toleo jipya limetoka. Tusome maelezo yake. Ikiwa hakuna udhaifu unaozibwa wala tatizo letu linalotatuliwa, tuiache.

Pili, betri ihesabiwe katika bajeti ya shule kama chaki. Ni kitu kinachokwisha. Anayetoa msaada wa kompyuta aombwe kuzisasisha kabla hajazileta, na alete walau betri chache nzima. Mashine za msaada aghalabu huja kwa mafungu ya aina moja. Betri moja njema, ikihamishwa kutoka mashine hadi mashine, inaweza kuhudumia kumi kwa siku moja.

Tatu, vyuo vya ufundi stadi, kama VETA Shinyanga, viwe na kifaa cha kuandikia chipu moja kwa moja. Si kifaa cha gharama kubwa, na mashine kama ile ya Kahama mara nyingi huweza kufufuliwa kwacho.

Nne, betri iliyovimba isichajiwe, isitobolewe wala isichomwe moto. Gesi iliyomo inaweza kuwaka. Itolewe na mtu ajuaye, ihifadhiwe mbali na vitu viwezavyo kuungua, kisha ikabidhiwe kwa wakusanyaji wanaotambuliwa chini ya kanuni za mwaka 2021 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki.

Ndugu walimu, kompyuta iliyokufa isifichwe. Ishusheni kabatini, ifungueni mbele ya wanafunzi, mwonyesheni kila mmoja chipu ile ndogo yenye miguu minane. Yule mwalimu kijana apewe nafasi ya kueleza alichokifanya na kwa nini kilishindikana. Somo lake limekwisha kulipiwa. Ingekuwa hasara ya pili kama lisingefundishwa.