Methali Isiwe Plasta ya Mdomo

Vijana wenzangu wa kalamu, leo sikuja na shairi. Nimekuja kugombana.

Kwetu ni Kaisho, wilaya ya Kyerwa, ambako mpaka 2012 tulihesabiwa Karagwe. Huko mtu akianguka na mkungu wa ndizi, aliye karibu ndiye anayepewa mgongo, awe daktari au mzee wa kukanda.

Nilianguka mimi, nina miaka 20. Nyonga ikateguka. Nikapelekwa kwa mzee mmoja, na jina lake nalihifadhi. Mikono yake ilijua kazi: alipochua, pakalegea. Halafu mkono ukahama, ukaenda pasipouma. Nikamwambia, "Mzee, hapo siumwi." Akajibu bila kunitazama, "Tulia binti, dawa haina aibu." Nyumbani nikamweleza shangazi. Akasema, "Mwanangu, mficha uchi hazai." Mjadala ukafungwa.

Hivi jamani, methali ile ilitungwa kwa kazi hiyo? Mimi naielewa hivi: mwenye shida asione haya kuieleza. Inampa mgonjwa ujasiri. Haimpi mganga kibali. Niliufunua mgongo kwa sababu ya nyonga, basi.

Najua watakaosema, "Huyu kasoma, anatuletea uzungu." Haya, twendeni huko kwa wazungu. Larry Nassar alikuwa daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki ya Marekani. Kwa miaka mingi aliwadhalilisha wasichana, akidai ni matibabu. Waliolalamika mapema waliambiwa hawakuielewa tiba. Januari 2018 zaidi ya 150 walisema yao mahakamani, akahukumiwa miaka 40 hadi 175. Kumbe shahada ukutani si dawa. Tatizo haliko kwenye mizizi wala vidonge. Liko pale mmoja anapolala na mwingine anaposimama, na aliyelala anaogopa kuuliza.

Sheria yetu imeliona hilo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 inawataja wazi mtumishi wa hospitali na mganga wa kienyeji wanaotumia nafasi zao kubaka. Safi. Lakini sheria hufika jioni, mambo yakiwa yameshaharibika. Asubuhi tunahitaji adabu.

Adabu yenyewe si ngumu. Sema unagusa wapi na kwa nini. Omba ruhusa. Funika kisichohusika. Mwache mgonjwa aingie na mtu wake. Akisema basi ni basi, hata kama dakika tano zilizopita alikubali.

"Foleni ndefu, muda wa maswali hatuna." Acheni hizo! Mkoani Tanga watafiti wa mradi wa Staha waliwauliza akina mama waliotoka kujifungua kama walidharauliwa au kunyanyaswa. Si kuguswa vibaya tu. Hata kutukanwa na kuachwa bila pazia. Walipokuwa wakiondoka, 19 katika kila 100 walisema ndiyo. Walipoulizwa tena wiki kadhaa baadaye, wakawa 28. Unaona? Mama akiwa bado mlangoni anameza, akifika kwake ndipo anatapika. Kisha Korogwe wananchi na watumishi wakaketi pamoja, wakaandika mkataba wa kuheshimiana na kurekebisha kasoro za huduma. Ikilinganishwa na Muheza, uwezekano wa mama kunyanyaswa ukapungua kwa asilimia 66. Foleni haikuwa kisingizio huko, iwe kisingizio Kaisho?

Sasa zamu yetu waandishi, maana hapa ndipo nilipotaka kufika. Hadithi zetu zimejaa mganga anayepapasa wateja, na wasomaji tunaangua kicheko. Nesi wetu ni mrembo wa kutaniwa tu. Mgonjwa yeye hana sauti. Yupo ili kichekesho kikolee. Nani kati yetu amewahi kuandika hadithi kwa macho ya yule aliyelala kitandani? Tukicheka, tunampa shangazi yangu methali nyingine ya kumfunga mtu mdomo. Na shangazi si mbaya, alirudia alichofundishwa. Sisi ndio tuliojipa kazi ya kusema kisichosemwa, halafu tunakaa kijiweni kusifiana vina.

Nyonga yangu ilipona. Kwa hilo mzee nilimlipa na kumshukuru. Kwa lile jingine sidaiwi shukrani, na sitanyamaza ili nionekane mwenye adabu.

Anayebisha, aandike.