UKULIMA: Kunde Zinyweshwe Maji Kabla ya Kupandwa

Mbegu ya kunde iliyowekwa akiba ni chakula walichonyimwa watoto leo ili wapate kula kesho. Kwa hiyo mkulima wa Lodwar au Kakuma aipandapo ikafia mchangani, hasara yake ni mbili: amekosa mbegu, tena amekosa chakula.

Lodwar hupata mvua ya karibu milimita 200 tu kwa mwaka, nayo huja kwa ghafula. Mto Tarach, upitao Kakuma, hujaa kwa muda mfupi kisha hukauka. Jua na upepo huukausha upesi udongo wa juu. Mbegu kavu ikifukiwa hutumia saa zake za kwanza kunywa maji tu, na pengine unyevu huondoka kabla mzizi haujashuka.

Dawa yake haina gharama: mbegu inyweshwe nyumbani kwanza. Katika miaka ya 1990 wakulima wa India na Zimbabwe waliijaribu njia hiyo pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, na mimea ilichomoza mapema na kuwa na nguvu zaidi. Njegere hutaka baridi, hazifai joto la Turkana. Lakini kunde, ambazo ni jamaa yake, hustahimili.

Ardhi ikiisha kulowa, mkulima achague mbegu nzima zisizotobolewa na wadudu. Aziloweke katika maji safi saa nne usiku, azitoe saa kumi na moja alfajiri. Azitandaze kivulini mpaka zisishikamane, kisha azipande asubuhi ile ile. Mtama waweza kukaa majini karibu saa kumi.

Kunde zisizidishiwe muda, maana hunywa maji upesi, na zikikosa hewa huoza. Mbegu iliyokwisha kutoa mzizi ikikuta ukavu hufa. Mbegu zilizotiwa dawa dukani zisiloweshwe, wala zisiliwe.

Tena isidhaniwe kwamba kulowesha huleta mvua. Mbegu hupata kutangulia tu. Basi mkulima mwenye busara hatalowesha kibaba kizima siku ya kwanza. Atachukua konzi moja, apande mstari wa mbegu zilizoloweshwa kando ya mstari wa mbegu kavu, ahesabu siku. Akiisha kuona kwa macho yake, ndipo aitoe akiba iliyobaki.