Kabla ya kubonyeza, tuulizane

Mama mmoja mhamishwa wa vita, aliyepokelewa na familia hapa Uvira, aliniuliza: «Mwanangu, linki ni kitu gani? Wananiambia niibonyeze nipate msaada.» Watoto waliokuwa karibu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kwetu maneno ya intaneti si mambo ya vijana tu. Ni mambo ya usalama.

Linki ni maandishi, mara nyingi ya rangi ya bluu, ambayo ukiyabonyeza yanakupeleka kwenye ukurasa mwingine. Ni mlango: usiingie bila kumjua mwenye nyumba. Ikikuomba pesa kidogo «ya kujiandikisha», acha. Msaada wa HCR na PAM hautozwi hata franka moja. Muulize kwanza kiongozi wa wahamishwa au mkuu wa kata.

Namba ya uhakiki ni tarakimu 6 ambazo WhatsApp inakutumia unapofungua akaunti. Mtu akikupigia, «Samahani mama, namba yangu imekuja kwako, nisomee,» kata simu. Ukimsomea, kesho ataomba pesa kwa shemeji zako wa Bujumbura kwa jina lako.

Statu ni picha au maneno unayoweka kwa saa 24. Yanatoweka, lakini aliyeyaona anaweza kuyahifadhi. Basi usionyeshe mahali familia inapolala.

Neno la nne ndilo linaloniumiza zaidi: kusambaza, yaani kuchukua ujumbe wa mtu na kuwatumia wengine. Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe wa WhatsApp, maana yake umepita kwenye simu nyingi. Si kwamba ni wa kweli. Tangu Aprili 2020, ujumbe wa namna hiyo unatumwa kwa mtu mmoja au grupu moja tu kila mara, ili uongo usikimbie sana.

Tukumbuke Februari 2025. Bukavu ilipoanguka, watu wetu walivuka Rusizi kwenda Burundi, wengine wakapanda mashua Kalundu. Hatari ilikuwa ya kweli. Lakini odio moja ilinifikia mara sita siku moja, na kila niliyemuuliza alijibu: «Nami nimetumiwa.» Hakuna aliyeona kwa macho yake.

Wengine watasema: afadhali kuonya hata bila uhakika. Nawaelewa, maana hofu hiyo tunaijua wote. Lakini onyo la uongo linamtoa mjamzito usiku, na nyumba iliyoachwa wazi inaibiwa. Baya zaidi, siku ya onyo la kweli hakuna atakayesikia.

Kwa hiyo kabla ya kusambaza, uliza: nani ameona, wapi, saa ngapi? Pasipo jibu, ujumbe uishie kwako.

Nanyi vijana, bibi akiuliza linki ni nini, msimcheke. Mwelezeni polepole, kwani simu yake ndiyo simu ya familia nzima.