Kruzi ya lori izimwe Rusumo

Malori mengi yanayotuletea mizigo kutoka Dar es Salaam yana kruzi, mtambo unaoshikilia mwendo bila dereva kukanyaga mafuta. Kwenye tambarare za Singida humpumzisha mguu. Sina ugomvi nao. Lakini akishavuka Rusumo na kuingia milima yetu ya Rwanda, auzime. Kruzi ya kawaida hutia mafuta tu, haishiki breki. Mteremkoni, tani 30 za saruji ndizo zinazoendesha lori, na chini kuna watoto wanaotoka shule. Hapo inatakiwa gia ndogo na breki ya injini, kabla ya kuanza kushuka. Matajiri wenye malori wawafundishe madereva hayo kwa Kiswahili, lugha iliyonisomesha ukimbizini Tanzania, ndipo wawakabidhi funguo.