Kufunga na Kupiga Hesabu
Kijana wa Malaba anafunga na kuomba ishara: achukue mkopo wa pikipiki au auache? Afunge, ni vyema. Lakini Luka 14 inamtaka anayejenga mnara aketi kwanza apige hesabu, na kwangu mimi hesabu hiyo nayo ni ibada. Wale vijana wa Busia waliovusha abiria na magunia kwa baiskeli kati ya Kenya na Uganda, hata bodaboda ikazaliwa, walianza na walichokuwa nacho: baiskeli na miguu yao. Lakini hesabu isigeuke hofu: mtumwa wa talanta moja katika Mathayo 25 hakuiba kitu, aliogopa, akaifukia. Basi kijana wetu amwone mchungaji, kisha awaulize madereva wa bodaboda pale stendi: wao wanajua ni pikipiki ngapi zimetwaliwa na wakopeshaji, na kwa nini.