Kuhifadhi Maneno Bora ili Kuimiliki Lugha



Neno "kukariri" limepata sifa mbaya katika shule zetu. Walimu huwaonya wanafunzi kwamba waelewe, wasikariri, na onyo hilo ni la haki kwa kijana anayemeza notisi za Baiolojia usiku wa kuamkia mtihani. Lakini lugha si Baiolojia. Sisi tunaona kwamba anayetaka kukimudu Kiingereza hana budi kuhifadhi kwa moyo vifungu vya waandishi wake bora. Na kwamba kijana aliyelelewa madrasa anaijua tayari njia hiyo, ila hajaambiwa kuwa inafaa hata huku.

Hoja hii si mpya. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, alieleza kwamba kujua kanuni za nahau si kuijua lugha. Alipiga mfano wa mtu awezaye kueleza vizuri jinsi uzi unavyotungwa sindanoni na mshono unavyopigwa, lakini ukimpa kitambaa hawezi kushona. Umilisi, asema, hupatikana kwa kuhifadhi kwa wingi maneno ya mafasaha na kuyatumia mpaka ulimi uuzoee mjengo wake, na ubora wa asemalo mtu hufuata ubora wa alichohifadhi. Yeye mwenyewe aliona kwamba ushairi wake ulikwazwa na matini kavu za fiqhi na za elimu nyingine alizokuwa amezihifadhi.

Tumtazame mtoto wetu wa Tanzania. Katika shule za serikali zilizo nyingi husoma msingi kwa Kiswahili, kisha Kidato cha Kwanza hukabidhiwa vitabu vya Kiingereza. Hufundishwa nyakati za vitenzi, hujaza nafasi zilizoachwa wazi, na pengine hupata alama nzuri. Mwambie sasa aandike barua ya nusu ukurasa! Hutafsiri neno kwa neno kutoka Kiswahili, maana kichwani mwake hamna hata sentensi moja kamili ya Kiingereza ya kuifuatisha. Ana uzi na ana sindano. Huyo ndiye tunayemtarajia kesho awe tabibu au wakili, na ayajibu yanayoandikwa juu ya Uislamu katika magazeti ya dunia. Asipoweza, wengine watatusemea, nasi tutabaki kunung'unika kwa Kiswahili.

Wapo wazee wetu wasemao kwamba vitabu hivyo vimejaa ulevi na upotovu. Tunawaheshimu, lakini Mtume (s.a.w.) alimwamuru Zaid bin Thabit (r.a.) kujifunza maandishi ya Mayahudi, naye akayajua kwa muda wa kama nusu mwezi. Wanazuoni nao walihifadhi mashairi ya Jahiliya, hata ya Imru'ul-Qais na mapenzi yake, ili waifahamu vyema lugha ya Qur'ani. Na Marmaduke Pickthall, ambaye tafsiri yake ya Qur'ani ilitoka mwaka 1930, alikuwa ametunga riwaya za Kiingereza kwa miaka mingi kabla ya hapo.

Kihifadhiwe nini basi? Hatushauri kuanza na Shakespeare, ijapokuwa Mwalimu Nyerere alimtafsiri kwa ufanisi. Kiingereza chake kina miaka mia nne, na kijana atakayekitumia katika usaili wa kazi atachekwa. Bora aanze na Animal Farm ya George Orwell (1945), ambayo wengi wanaijua kama Shamba la Wanyama. Sentensi zake ni nyepesi na safi. Kisha hotuba ya Abraham Lincoln ya Gettysburg ya mwaka 1863, isiyofika maneno 300.

Njia ni ileile ya chuoni: mwalimu asome, mwanafunzi afuatishe, asikilizwe, arudie ya wiki iliyopita. Matamshi yasahihishwe mapema, maana kosa lililohifadhiwa haling'oki kwa urahisi. Mistari mitano kwa wiki yatosha, na asihifadhi asichokielewa. Hatimaye afunge kitabu, aandike habari za soko la mtaani kwake kwa mjengo wa sentensi zilezile. Hapo ndipo inapotengana na hifdhi ya Qur'ani, ambayo ni ibada na haibadilishwi hata herufi. Maneno ya Orwell ni zana, yavunjwe na kuundwa upya.

Madrasa zenye darasa la Kiingereza zaweza kuanza muhula huu. Kinachohitajika ni kitabu kimoja, mwalimu mwenye matamshi mazuri, na saa moja ya Jumamosi baada ya Alasiri, isiyopunguza muda wa hifdhi.